Saa Nane za Polepole

Baharia wetu ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa shetrini, nyuma ya boti, akifungua mshipi uliojisokota, akanyamaza, kisha akasema, "Mzee, nyuma kunang'aa."

Kulikuwa kunang'aa kweli. Kwenye povu la upande wa kushoto palikuwa na utando wa rangi rangi, ule unaouona kwenye dimbwi mbele ya gereji mvua ikinyesha. Tulikuwa maili 14 nje ya Watamu, pwani ya Kenya, wiki ya mwisho ya Januari, kaskazi imetulia, fimbo tano majini, na mgeni aliyetoka mbali kuja kutafuta nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki. Mjomba, nahodha wetu, hakuuliza kitu. Alitazama geji ya presha ya oili ya injini ya kushoto, akauona mshale unashuka taratibu, akaizima injini kabla haijajizima yenyewe.

Baada ya kama nusu saa nilifunua kifuniko nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa chai ya maziwa. Rangi ile ile, na povu lake juu.

Mjomba alichovya kidole, akanusa, akaonja.

"Chumvi," akasema.

Shafti ya kushoto, nondo inayozungusha pangaboi, tuliifunga kwa kamba isizunguke bure, maana ziko giaboksi zisizovumilia kuzungushwa na maji huku injini yake imelala. Hazipati oili, zinaungua. Tukageuza omo, yaani pua ya boti, tukarudi kwa injini moja, mwendo wa noti 7, ndiyo maili saba za baharini kwa saa. Fimbo hatukuzitoa. Njiani tukapata fulusi wawili na sulisuli mmoja tuliyemwachilia, na mgeni akashuka ufukweni akicheka, akisema hajawahi kupata siku kama ile.

Hapo nilikuwa nimeshapewa jibu la swali ambalo lingenisumbua wiki sita. Sikulitambua.

## Jedwali langu

Niseme kwanza mimi ni nani kwenye boti hii. Si nahodha, wala si fundi. Ni karani. Nashika daftari la mafuta, vipuri, leseni, mishahara ya mabaharia, na deni la duka. Wikendi naenda nao baharini, siku za kazi niko ofisini Kilifi nikihesabu pesa za watu wengine. Kwa hiyo boti ilipokwama, nilifanya kile ninachokijua: nilifungua kompyuta nikachora jedwali.

Boti yetu ni ya futi 31, faiba, chini ina umbo la V kali, ukoo ule wa Bertram 31. Wapenzi wa boti wanaijua hadithi: mwaka 1960 mfano wake wa kwanza, Moppie, ulishinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka, na tangu hapo nusu ya dunia ikawa inaiga ile V. Ndani kuna dizeli mbili za zamani, chapa nitaiacha, zinazosukuma shafti mbili. Zimekuwepo tangu nikiwa shule ya msingi.

Na hapo ndipo binamu yangu wa Maskati alipoingia.

Yeye ana boti ya faiba yenye usukani katikati na mashine mbili za nje, kila moja farasi 300, mpya, nyeupe, zinazong'aa kama friji za harusi. Anafuata jodari. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, ambao kwa ufupi ulisema: dizeli za ndani ni za babu zetu, toeni hayo machuma, tobo lizibeni, nyuma fungeni mashine mbili, mtakuwa mnafika kwenye samaki wakati wenzenu bado wanavuta nanga. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nazisikia zile mashine zikinguruma kwa raha. Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshashawishika.

Jedwali langu lilikuwa zuri, nalikiri hilo hadi leo. Nilichukua takwimu za majaribio wanazochapisha watengenezaji: kwa mizunguko kadhaa, noti kadhaa, lita kadhaa kwa saa. Dizeli zetu, noti 18, lita kama 75 kwa saa kwa zote mbili. Mashine mbili za nje za farasi 300 kwenye boti ya ukubwa huo, noti 27, lita kama 97 za petroli. Maili 12 kwenda, maili 12 kurudi. Dizeli: dakika 80, lita 100. Petroli: dakika 53, lita 86.

Umeona? Petroli ilikuwa inashinda. Inakwenda haraka zaidi na bado inakunywa kidogo, kwa sababu inafika mapema. Hata nilipoweka bei, dizeli kwa shilingi 165 na petroli 175, bado petroli ilishinda kwa shilingi elfu moja na mia nne na hamsini kwa siku. Nilipaka mstari ule rangi ya kijani.

Baada ya isha nikaenda barazani kwa mjomba na kompyuta kwapani. Shangazi akaleta kahawa na kashata. Nikaeleza. Nikaonyesha kijani. Mjomba alisikiliza akiwa amefumba macho, kama anavyomsikiliza mtu wa bima.

"Mpwa wangu," akasema mwishowe, "hiyo boti yako inakwenda na kurudi. Inavua saa ngapi?"

## Sehemu niliyoisahau

Naomba ulielewe swali hilo kama nilivyolielewa mimi nikirudi nyumbani usiku ule, kwa aibu.

Boti ya kuvua samaki wa michezo haiendi mahali ikasimama. Inarambaza. Inatoka alfajiri, inavuka mwamba, inakimbia nusu saa, kisha inapunguza mwendo hadi noti 6, 7, mara nyingine 9, inaachia mishipi na chambo bandia nyuma, na inakaa hivyo hadi alasiri. Kwa siku nzima ya saa tisa na ushee, mbio ni saa moja na dakika. Saa nane zilizobaki ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole ufukweni.

Saa hizo nane hazikuwamo kwenye jedwali langu hata kwa mstari mmoja. Watengenezaji hawazifichi, namba zipo, juu kabisa ya orodha, kwenye mizunguko 1,000 na 1,500, pale ambapo jicho hupita likikimbilia noti 30 na 40.

Nikazitia. Dizeli zetu mbili zikirambaza hunywa kama lita 12 kwa saa. Saa nane, lita 96. Mashine mbili za petroli za farasi 300 kwa mwendo ule ule hunywa karibu lita 21. Saa nane, lita 168.

Siku nzima basi: dizeli lita 196, petroli lita 254. Kwa bei zile zile, shilingi 32,340 dhidi ya 44,450. Tukitoka siku 90 kwa msimu, tofauti ni milioni moja na elfu tisini kasoro mia.

Kijani changu kikawa chekundu.

Binamu yangu hakuwa amenidanganya. Oman serikali iliweka kikomo cha bei ya mafuta mwishoni mwa 2021, petroli nzuri isipite baisa 239 kwa lita, yaani kama shilingi 80 za kwetu. Kule unaweza kusahau saa nane. Huku tarehe 14 kila mwezi tunakesha tukisubiri EPRA, mamlaka ya nishati, watangaze bei mpya kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani.

Na anavua kwa namna nyingine. Yeye hukimbia kutafuta ndege na maji yanayochemka, akiwaona jodari anasimama, anarusha, anakimbia tena. Mbio ndiyo kazi yenyewe. Hesabu yake ni sahihi kwa bahari yake.

## Pilar alikuwa na mbili

Kuna jambo dogo nililolikuta wiki hizo ambalo lilinichekesha peke yangu ofisini.

Kila mgeni anayekuja Watamu au Malindi huambiwa kwamba Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, alivua hapa. Ni kweli, ilikuwa mwaka 1934. Kinachosemwa mara chache ni kwamba aliporudi Marekani mwaka huo huo aliagiza boti yake mwenyewe, Pilar, futi 38, kutoka kiwanda cha Wheeler huko Brooklyn. Na Pilar ilikuwa na injini mbili zisizolingana. Moja kubwa ya Chrysler, farasi 75, ya kusafiria. Nyingine ndogo ya Lycoming, farasi 40, ya kurambazia.

Mtu yule alikuwa ametenganisha saa zake. Mbio na injini yake, polepole na injini yake. Miaka tisini baadaye mimi nina kompyuta na nimeshindwa.

Na Januari, siku ile ya chai ya maziwa, tulikuwa tumerudi kwa injini moja, noti 7, tukivua vizuri kuliko wiki nzima.

Hapo ndipo nilipoanza kulala vibaya. Kabla ya hapo nilikuwa na swali la pesa. Sasa nilikuwa na swali la kwa nini nilitaka ile kijani iwe kijani.

## Yasiyoingia kwenye jedwali

Ukiwauliza manahodha wa pwani yetu, kuanzia Shimoni hadi Malindi, dizeli ya ndani au mashine ya nje, hutapata jibu, utapata ugomvi. Nimeusikia wote. Nitataja tu yale yaliyonigeuza kichwa upande mmoja kisha mwingine.

Uzito. Mashine ya nje ya Yamaha ya farasi 300 ina kilo kama 260. Mbili, kilo 520. Si nyingi, dizeli mbili na giaboksi zake zinazidi hapo kwa mbali. Tatizo ni pale uzito unapokaa. Dizeli zimelala katikati ya boti, chini, na zinaituliza. Umbo la V kali hukata wimbi vizuri sana ukikimbia, lakini ukipunguza mwendo boti huyumba kama mlevi wa tembo. Ule uzito wa chini ndio unaoishika. Ukiutoa ukaupeleka nyuma ya shetri, juu, boti hiyo si ile tena. Waliozichora boti za mashine za nje walilijua hilo tangu karatasini. Yetu haikuchorwa hivyo.

Samaki mwenyewe. Nduaro akishika, boti ya shafti mbili hugeuka pale pale ilipo, injini moja mbele, moja nyuma, kisha inamrudia samaki kinyumenyume, mvuvi amesimama shetrini penye nafasi tupu mbele yake. Baharia anashika lida, kile kipande kinene cha mwisho cha mshipi, bila kitu katikati. Kwenye mashine za nje, kati yako na samaki kuna mashine mbili. Nahodha inabidi amfuate samaki kwa ubavu au kwa omo. Wanaojua wanafanya hivyo vizuri mno. Mjomba hajui, na ana miaka 61.

Lakini upande wa pili nao una watu wake. Mashine ya nje unaiinua. Maji yakipwa wakati wa bamvua, boti yetu hukaa mbali ikisubiri kama mkwe mlangoni, na ya jirani inaingia. Ikiharibika, unaifanyia kazi mchangani umekaa kwenye ndoo, wala hujipindi ndani ya shimo lenye joto la tanuri. Ikifa kabisa, unafungua bolti, unaweka nyingine, kesho uko baharini. Dizeli ikifa, unasubiri. Unasubiri kipuri kitoke Dubai, kisha kitoke bandarini, kisha fundi atoke Mombasa. Siku tano za Januari boti ikiwa kwenye nanga zinakula faida yote niliyoihesabu kwenye lita.

Fundi ndiye aliyenivuruga zaidi. Pwani hii, kila kijiji kina kijana anayeweza kuifungua Yamaha ya farasi 40 ya viharusi viwili akiwa amefumba macho. Mashine mpya ya farasi 300 ni kitu kingine. Inataka kompyuta yake iunganishwe ndipo ikwambie inaumwa wapi. Nikamuuliza fundi wetu kuhusu dizeli nyingine, Yanmar ya farasi 315 iliyowekwa kwenye boti nyingi za ukubwa wetu. Akacheka. "Ile? Ile ni Land Cruiser." Nikadhani ananitania. Nikatafuta: ni kweli injini hiyo ya 6LP ilianzia kwa Toyota, silinda sita, ukubwa ule ule wa lita 4.2 wa Land Cruiser ya dizeli tunayoijua sote. Kwa hiyo ipo dizeli ya baharini ambayo jamaa wa gereji ya barabarani akiitazama hataiogopa. Hilo ningeliweka safu gani?

Dizeli za nje pia zipo siku hizi, Cox ya Uingereza imetoa ya farasi 300, ila ni karibu kilo 400 kila moja na bei yake si ya kutajwa mbele ya shangazi. Zile zenye pangaboi kwenye vidude chini ya tumbo la boti na usukani wa kijiti, nilizipita haraka. Kwa miamba yetu, kuning'iniza kitu cha gharama ile chini ya boti ni kumchokoza Mungu. Katamarani, zile boti za matumbo mawili za Afrika Kusini zenye mashine mbili ndogo, zinarambaza zimetulia kama meza na hazina tamaa ya mafuta; ningekuwa naanza upya bila boti, pengine ningeanzia hapo. Mjomba anasema zinatema maji usoni na hazina heshima. Sikumuuliza heshima inapimwaje.

Na kuna lile jambo la mvumo.

## Siku ya jirani

Mjomba anaamini, kama manahodha wengi wa rika lake, kwamba nduaro hupenda mvumo wa dizeli. Kwamba shafti ikizunguka polepole hutoa sauti nzito inayoshuka kilindini, na samaki huja kuitazama. Mashine za nje, anasema, zinalia kama mbu. Nani atoke kwake kuja kutazama mbu? Huwezi kumbishia. Ana miaka arobaini ya ushahidi, na ushahidi wote ulitoka kwenye boti za dizeli.

Katikati ya Februari, boti yetu bado imelala, jirani yetu mmoja alimwalika. Yeye ana boti ya futi 32, mashine mbili za petroli za farasi 300. Nikaomba niende. Nilikuwa na kalamu.

Tuliondoka kama tumetupwa. Noti 30, chai haimwagiki. Nikamtazama mjomba, alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili akitazama mbele, uso wake hausemi kitu. Tulipofika na kupunguza mwendo, macho yangu yakaenda kwenye kioo kinachoonyesha mafuta. Lita 21 kwa saa. Namba yangu hasa. Nikataka kumwonyesha mtu.

Kisha jirani akafanya jambo ambalo sikulifikiria. Akaizima mashine ya kushoto, akaiinua kutoka majini, akaendelea na moja. Noti 7. Kioo kikashuka hadi lita 15.

Basi. Hakuna shafti ya kufunga kwa kamba, hakuna giaboksi ya kuonea huruma. Kitufe kimoja.

Nikafanya hesabu nyuma ya risiti. Saa nane kwa lita 15 ni 120, na mbio 86, jumla 206. Ile milioni moja ya msimu ikaporomoka hadi laki tatu na thelathini na kitu. Pesa, ndiyo, lakini si pesa ya kumkataza mtu kitu. Nilikaa pale na risiti yangu nikihisi nimezungushwa mara ya pili.

Saa tano kasorobo akaja.

Sikumwona akija, niliona tu maji nyuma ya chambo cha kulia yakiwa na kivuli, kivuli kikawa cha rangi ya shaba, kisha rili ikalia mlio ule ambao ukiusikia hata umelala utaamka. Nduaro mweusi. Aliruka mara nne. Jirani aliiteremsha ile mashine ya kushoto na kuiwasha kabla mvuvi hajakaza mkanda, akageuza omo, akamkimbilia samaki badala ya kumrudia kinyumenyume. Mara moja tu, mwishoni, samaki alipopita chini ya boti, mshipi ulikwaruza kifuniko cha mashine ya kulia, na baharia akaunyanyua kwa fimbo nzima kuupitisha juu. Sekunde mbili hizo hakuna aliyesema neno.

Dakika 35. Baharia akashika lida, mwenzake akamchoma lebo ubavuni, wakamwacha aende. Wakakadiria kilo 120. Jirani alijaza kadi pale pale kwa mkono wenye maji: namba ya lebo, mahali, makadirio ya uzito. Kadi hizo huenda kwa African Billfish Foundation, ambao wamekuwa wakizikusanya pale Watamu kwa miaka mingi.

Mjomba hakusema kitu njia nzima. Tulivuka mwamba, tukaingia maji ya kijani, jirani akainua mashine zote mbili na boti ikateleza hadi karibu na mchanga. Mjomba akakunja suruali, akashuka, maji magotini. Akasimama akizitazama zile mashine.

"Samaki yule alikuwa mgeni," akasema. "Hajui mambo ya huku."

## Kijiti cha zinki

Hapa ndipo nilipotaka kuimalizia makala hii, na nilikuwa nimeshaiandika hivyo. Nikaifuta.

Kwa sababu wakati wote huu hakuna aliyekuwa amejua kilichoua injini ya kushoto. Fundi wetu siku ile ile ya Januari alimwaga ile chai, akapitisha oili mpya mara tatu mfululizo ili chumvi isikae ndani, kisha akaitwa Mombasa kwa kazi nyingine. Alirudi mwanzoni mwa Machi. Sisi katikati hapo tulikuwa tumeshaizika injini na kuanza kugawa urithi.

Alifanya kazi asubuhi moja. Saa sita akaniita, si mjomba, akaniita mimi, akaweka vitu viwili kiganjani mwangu.

Cha kwanza kilikuwa kijibomba cha shaba, chembamba kama kalamu, kutoka kwenye kipoza oili. Ndani yake hupita maji ya bahari, nje yake oili. Kilikuwa na tundu. Sindano ya shangazi isingepita. Injini ikiwa inanguruma, akanieleza, presha ya oili inaizidi ya maji, kwa hiyo oili ndiyo inayotoka na kwenda zake baharini. Ndiyo ile rangi tuliyoiona. Ukizima, maji nayo yanarudi kwa mlango ule ule.

Cha pili kilikuwa kifuniko kidogo cha shaba chenye nyuzi za kufungia. Katikati yake palipaswa kuwa na kijiti cha zinki, urefu wa kidole. Zinki ndiyo inayoliwa na chumvi ili shaba isiliwe. Ikiisha unaweka nyingine, na ndiyo kazi yake pekee duniani. Kwenye kile kifuniko hapakuwa na kijiti. Palikuwa na kipande kidogo cheupe kama jino la mtoto.

"Hii imeisha zamani," fundi akasema, akinitazama.

Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari. Mei mwaka jana, boti ilipopandishwa juu kwa ajili ya kusi, kwa mwandiko wangu mwenyewe: rangi ya chini, impela mbili, chujio za dizeli, zinki nane za injini. Na kwenye hiyo ya mwisho, mstari. Nilikuwa nimeikata. Pembeni nimeandika "Agosti". Bei yake yote, zinki nane, haikufika ada ya mtoto mmoja ya wiki mbili. Mei ile tulikuwa na mambo mengine. Agosti ikaja na wageni wake, nikasahau.

Wiki sita nimechora majedwali ya mashine za zaidi ya milioni saba.

Fundi aliweka kipoza kipya, akafungua na kukagua beringi, akasema Mungu ametupenda, akafunga. Kwa mjomba alisema tu kwamba bomba lilitoboka kwa uzee. Sijui kwa nini alinisitiri. Pengine kwa sababu mimi ndiye ninayemlipa. Ijumaa boti ilitoka na injini zote mbili, na nilikuwa nimesimama ufukweni nikisikiliza ule mvumo mzito ukipita mlango wa mwamba, na nakiri, kama ningekuwa samaki ningeufuata.

Mashine za nje bado nazitaka. Nikipata pesa yangu mwenyewe na boti iliyochorwa kwa ajili yake, nitanunua, na nitainua moja kila nikirambaza kama jirani. Lakini jedwali lile limebaki kama lilivyo, na kile kijibomba kiko juu ya meza yangu hapa, pembeni ya kipanya.

Mjomba hasomi blogu. Binti yake husoma, na hajawahi kukosa makala yangu hata moja. Kwa hiyo leo mchana, kabla ya kuiweka hii hewani, nimempigia mjomba simu mara mbili. Haipatikani. Saa hizi yuko nje huko, noti 7.